Uvimbe juu ya jino lililokufa: matibabu niliyopata Kampala

Daktari aliyenitibu nampa alama zote. Watu wake wa mapokezi siwapi hata nusu. Naandika haya kwa ajili ya yeyote aliye Busia, Malaba, Tororo au kwingineko huku mashariki mwa Uganda, mwenye uvimbe juu ya fizi unaokuja na kuondoka, na ambaye kila ukimrudia anaambiwa anywe dawa. Jina la kliniki naliacha. Iko Kampala, upande wa Wandegeya, na niliyoyaona pale yanatosha kukuonyesha kazi hii hufanywaje inapofanywa vizuri.

Jino langu ni la pili kutoka katikati, juu, upande wa kushoto. Nikiwa shuleni liligongwa na kiwiko cha mwenzangu tukicheza netiboli. Halikuvunjika, halikulegea. Miaka ikapita, likageuka rangi likawa la kijivu, na kwa kuwa halikuuma hakuna aliyelishughulikia. Kisha juu yake, karibu na shina la pua, pakaanza kutuna. Palikuwa pagumu, ukibonyeza hapaumi. Baadaye pakaanza kuuma na kutoa usaha. Kwenye duka la dawa nilipewa amoksilini na Flagyl. Uvimbe ukanywea, nikarudi kwenye vitenge vyangu sokoni, na baada ya muda ukarudi mkubwa kuliko mwanzo. Nikaenda zahanati, nikapewa dawa zile zile. Mara zote hizo hakuna aliyetaja kupiga picha, na hilo ndilo linaloniuma. Dawa zile huua vijidudu vilivyoingia, ndiyo maana usaha hukauka. Lakini chanzo chake, kifuko cha majimaji kilichojijenga kwenye ncha ya mzizi, hakiguswi na kidonge chochote. Kinabaki ndani ya mfupa, kinaendelea kukua.

Kampala hawakuanza na dawa. Daktari alipuliza kitu cha baridi kali kwenye kipamba, akakigusisha kwenye meno yangu ya mbele moja baada ya jingine. Yote yalishtuka isipokuwa lile la kijivu. Akayagonga kwa mpini wa kioo chake, akabonyeza kaakaa kwa kidole, ndipo akanipeleka kwenye eksirei: kwanza picha ndogo ya jino lenyewe, halafu ile kubwa inayoonyesha taya zote mbili kwa pamoja. Kwenye ile ndogo ncha ya mzizi ilikuwa imezama ndani ya duara jeusi lenye ukingo mweupe mwembamba. Duara lilikuwa limevuka mpaka kwenye mzizi wa jirani. Alipolipima lilizidi sentimita 2.

Kiswahili chake ni cha mtu aliyekulia kambini, mtoto wa mwanajeshi, na alinieleza bila haraka. "Mama, hili jino lilishakufa zamani," alisema. Nyama laini iliyo ndani ya jino ilikosa damu baada ya lile pigo, ikafa. Mabaki yake yakawa makazi ya vijidudu, na sumu yao ikawa inatoka kwenye kitundu kilicho kwenye ncha ya mzizi. Mwili ukapigana nao pale pale. Sasa, kuzunguka mizizi ya meno yetu sote kuna chembe hai zilizobaki tangu mizizi ilipokuwa inaumbwa utotoni. Kwa kawaida zimelala tu. Vita ile ikizisumbua kwa muda mrefu huamka na kuanza kuongezeka, hadi zinakuwa donge. Zile za katikati hukosa chakula zikafa, pakabaki uwazi wenye majimaji, na majimaji hayo huvuta maji mengine kutoka nje. Shinikizo likiongezeka mfupa unarudi nyuma kidogo kidogo, kwa miezi na miaka. Ndiyo maana mtu haumwi. Maumivu huja pale kifuko kinapopata maambukizi, na wakati huo mara nyingi kimeshakula nafasi kubwa. Jino lililooza hadi ndani huweza kufikia huko huko bila pigo lolote.

Vifuko vya aina hii ni zaidi ya nusu ya vyote vinavyopatikana kwenye taya. Vipo vingine. Kimoja hujifunga kwenye kichwa cha jino ambalo halijaota, hasa magego ya mwisho ya taya la chini. Kingine kina tabia ya kurudi hata baada ya kuondolewa. Na kuna ameloblastoma, ambayo ni uvimbe wa kweli, yaani chembe zinazoota zenyewe bila kukoma, na hutafuna taya vibaya, ila kwenye picha inaweza kufanana na kifuko cha kawaida. Hapo daktari alikaza sauti: picha peke yake haitoshi kumwambia mtu ana nini, lazima kile kinachotolewa kiende maabara. Kwangu huo ndio ukawa mzani wa kumpima mtaalamu wa meno. Anayetoa uvimbe na kuutupa kwenye ndoo ya taka amekuachia swali kubwa mwilini.

Njia za matibabu alizitaja zote. Kifuko kidogo mara nyingi hupona jino likisafishwa mfereji wa mzizi na kuzibwa vizuri, halafu linafuatiliwa kwa picha. Kikubwa mno hutobolewa na kuachwa wazi kwa muda ili kisinyae kabla ya kuondolewa. Kung'oa jino na kukwangua shimo lake nako kunakubalika, na ni nafuu. Changu kilikuwa cha kati, na mzizi ulikuwa mzima, basi tukakubaliana kusafisha mzizi kwanza, kisha upasuaji. Nilitaka jino langu libaki. Pesa zilizotoka zilikuwa za mzigo mzima wa vitenge, sifichi.

Siku ya upasuaji sikulazwa usingizi. Ni ganzi tu. Sindano ya kwenye kaakaa inauma sana, jiandae nayo, lakini ikishashika husikii kitu zaidi ya kusukumwasukumwa. Alipasua fizi, akaifunua, akafungua kidirisha kwenye mfupa uliokuwa umeshakuwa mwembamba. Kwanza alivuta majimaji kwa bomba la sindano na nilipomwomba akanionyesha: rangi ya majani makavu, ndani yake kuna chembe zinazometameta. Akasema hiyo ni kolesteroli. Kisha akakitoa kifuko kizima na ngozi yake, kwa subira, kama yai la kuchemsha linavyotolewa kwenye ganda bila kuchubuka. Akakata milimita chache za ncha ya mzizi, akauziba kutokea juu, akashona. Kifuko kikaingia kwenye kichupa cha formalini, dawa ya kukihifadhi hadi maabara.

Nililala kwa dada yangu Kawempe, maana safari ya matatu kupitia Jinja, Iganga na Bugiri na mdomo uliotoka kushonwa si jambo la kujaribu. Asubuhi shavu lilikuwa limevimba mpaka chini ya jicho, na daktari alikuwa ameshaniambia litavimba. Barafu siku ya kwanza, kuanzia siku ya pili kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, uji na matoke yaliyopondwa, hakuna kutema kwa nguvu wala kunyonya soda kwa mrija. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki moja.

Sasa mapokezi. Nilipewa bei moja mwanzoni, nikaileta yote. Baada ya upasuaji, mdomo ukiwa bado na ganzi, naambiwa maabara inalipiwa kando. Kwa nini mtu asiambiwe mapema? Mgonjwa aliyetoka mbali na pesa za kuhesabu anaweza kuamua kuacha kipimo hicho, na hicho ndicho kipimo cha maana kuliko vyote. Majibu nayo yalichelewa kupita siku waliyoahidi, na mimi ndiye niliyekuwa nikipiga simu. Nilipoongea Kiswahili nilijibiwa kwa Kiingereza cha haraka haraka. Daktari mzuri hivyo anastahili mapokezi yanayofanana naye.

Majibu yalisema ni kifuko cha mzizi, hakuna dalili ya uvimbe mwingine. Kama yangesema tofauti, alikuwa ameshapanga kunipeleka hospitali ya Mulago, kwa mabingwa wa upasuaji wa kinywa na taya.

Nilimuuliza pia kuhusu mjukuu wa dada yangu, aliyekuwa na kijivimbe cha rangi ya samawati kwenye fizi, na majirani walikuwa wakimshauri mama yake ampeleke kung'olewa meno ya plastiki, yale yanayoitwa ebinyo, ambayo watu huamini ndiyo yanayomletea mtoto homa na kuhara. Daktari alisimama kabisa. Kijivimbe cha namna ile juu ya jino linaloota mara nyingi hupasuka chenyewe jino likitokeza. Kumchokonoa mtoto fizi kwa kisu au spoku ya baiskeli kunaharibu chipukizi la jino, kunamwaga damu na kuingiza maambukizi, na wapo watoto waliopoteza maisha. Mtoto mwenye homa na kuhara atibiwe homa na kuhara. Hilo naomba lifike kwa kila mama anayesoma hapa.

Ukiwa mbali na Kampala, anzia kituo cha afya cha daraja la nne. Vingi vina afisa wa afya ya meno anayeweza kukutazama na kukuandikia rufaa. Ukienda kliniki ya binafsi, uliza kama daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na madaktari wa meno, na kama ana leseni ya mwaka huu. Bei iandikwe kwenye karatasi, na maabara iwemo. Ila ukiona uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, unashindwa kumeza au kufungua mdomo, au jicho linazibwa, usingoje miadi wala matatu ya asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Picha ya miezi sita imeshapigwa. Lile duara limepungua kutoka pembeni, na ndani yake kuna ukungu mweupe ambao daktari anasema ni mfupa mpya. Bado picha ya mwaka mmoja. Rangi ya jino haijabadilika. Linaweza kung'arishwa kutokea ndani, lakini ameniambia tungoje kwanza mfupa ujae, na nimekubali.