Daraja la DCOM kati ya Linux na Windows: tulilipia leseni, tukaambulia kejeli

Nimekasirika, na sifichi. DCOM ni njia ya Windows ya programu kuita objekti, yaani vipande vya programu, zilizoko kwenye mashine nyingine. Tulinunua hili daraja ili programu yetu iliyoko kwenye seva ya Linux iite objekti zilizoko kwenye mashine ya Windows kiwandani, zile zinazosoma joto na presha ya matangi. Mwanzoni lilifanya kazi vizuri mno. Unaita objekti ya mashine nyingine, inajibu kana kwamba imo humo humo. Nililisifia kwa kila mtu.

Kisha Windows ikasasishwa, na kila mwito ukakataliwa: 0x80070005, yaani huna ruhusa. Nywila sawa, lango 135 liko wazi. Kumbukumbu za Windows zenyewe zinasema, tukio namba 10036: anayeita apandishe kiwango cha uthibitisho hadi RPC_C_AUTHN_LEVEL_PKT_INTEGRITY, yaani kila pakiti ihakikiwe kuwa haijachezewa njiani. Anayeita ni daraja lao! Nikapiga picha ya skrini, nikawatumia.

Fundi wao akajibu: "Kaka, kwetu inafanya kazi. Hilo ni la mtandao wenu, tafuteni mtu anayejua."

Anayejua! Nilipombana, kumbe amejaribu Windows kwa Windows. Huko lazima ikubali, maana sasisho la Novemba 2022 lilishazipandishia kiwango hicho programu zinazoita kutoka Windows. Zinazoita kutoka Linux hazina wa kuzipandishia ila aliyeziandika, na huyo ndiye tuliyemlipa.

Halafu akanielekeza niweke sifuri kwenye RequireIntegrityActivationAuthenticationLevel, mpangilio wa Windows unaolazimisha kiwango hicho, ili usilazimishe tena, na nikizime kabisa kizuizi cha mtandao cha Windows (firewall). Hiyo sifuri haisaidii kitu tangu Machi 14, 2023! Na mpaka leo imo kwenye mwongozo wao. Kuhusu kuacha mashine ya matangi bila kinga yoyote, sijui mtu anapata wapi ujasiri wa kumshauri mteja hivyo.

Nilitaka kuwapa nyota 3, kwa sababu mwenye Windows pande zote mbili hataona shida. Lakini huyo hahitaji daraja. Nyota 1, basi, na hiyo ni kwa ajili ya zile siku za mwanzo.

Tumeanza kuhamia OPC UA, njia nyingine ya mashine za viwandani kupeana data: lango moja tu, 4840 kwa kawaida, Linux na Windows zinaongea bila DCOM katikati. Leseni yao bado ina muda. Nataka hela yetu irudi, na ule ukurasa wa mwongozo ufutwe kabla fundi wa kiwanda kingine hajaufuata.