Telegram kwa kundi la kusomea CPA: uzoefu wangu hapa Mwanza

Sisi ni watahiniwa wa CPA, ile mitihani ya uhasibu ya NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi) ya Mei na Novemba, na tumetawanyika. Wengine wako Nyegezi, wengine Igoma, kaka mmoja yuko Nansio, na dada mmoja anashika vitabu vya mfanyabiashara wa dagaa pale mwalo wa Kirumba. Kundi letu la kwanza lilikuwa kwenye programu ambayo kila mtu anayo. Kwa salamu lilifaa sana. Kwa kusoma, hapana: swali la kodi likiulizwa saa mbili usiku, saa tatu limeshafunikwa na pole za msiba na picha za harusi.

Tukahamia Telegram, na hapo kundi moja tumeligawa kwa mada: kodi, ukaguzi, taarifa za fedha. Ipo na mada ya Kijiweni, maana watu bila utani hawasomi.

Ila kitu kilichobadilisha tabia yetu ni chemsha bongo ya kura ya siri. Unabonyeza jibu, unaonyeshwa asilimia tu, hakuna anayejua nani kakosa. Mfano: boti ya dagaa imenunuliwa shilingi milioni 12, ndani yake injini ni milioni 4. Mwili wa boti utadumu miaka 10, injini miaka 4, na mwishoni hakuna thamani inayobaki. Uchakavu wa mwaka, yaani sehemu ya gharama inayokatwa kila mwaka, ni kiasi gani? Wengi walibonyeza 1,200,000. IAS 16, kiwango cha kimataifa cha uhasibu, inataka kila sehemu kubwa ya mali ihesabiwe peke yake, kwa hiyo ni 800,000 ya mwili na 1,000,000 ya injini, jumla 1,800,000.

Kuona wengi wamekosa kukawafungua watu midomo. Kaka wa Nansio, ambaye hakuwahi kuandika zaidi ya "asanteni", akauliza kwa nini injini isifuate tu miaka ya boti. Dada wa Kirumba akamjibu: "Kaka yangu, injini inakufa boti bado inaelea. Bosi ananunua injini nyingine, habadilishi boti." Hakuna mwalimu angeeleza vizuri zaidi ya hapo.

Kwa mabishano, admini anaweza kuweka muda wa kusubiri kati ya ujumbe na ujumbe, kuanzia sekunde chache hadi saa nzima. Dakika moja inatosha: mtu anapanga hoja yake kwenye ujumbe mmoja badala ya kufyatua mitano. Tulijaribu dakika 15, kundi likapoa kama ugali wa jana.

Telegram naipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu baadhi ya wenzetu wananunua bando la programu moja tu, hivyo Telegram ni gharama ya ziada kwao. Na kama mko watano tu, msijisumbue na mada, zitabaki tupu.