Mbao za Madirisha: Acha Kuangalia Rangi, Angalia Kichwa cha Ubao

Karibuni tena kwenye chaneli, leo utangulizi mfupi kwa sababu nimekereka. Kila nikifungua koment nakuta swali lilelile, mvule au msaji, msaji au mninga, ipi nzuri kwa madirisha ya mbao, yale ya mtindo wa zamani kabisa, fremu nzito, shata za bawaba, yaani zile sehemu zinazofunguka, kioo kimeshikwa na puti. Na watu wanajibiana hapo chini kama vile jina la mti linamaliza kesi. Halimalizi! Jina ni swali la pili. La kwanza ni hiki kipande ulichoshika kimetoka sehemu gani ya mti.

Hebu tusogeze kamera hapa mezani. Vipande viwili, vyote mvule. Hiki ni kahawia chote, hiki kingine kina huu ukanda mweupe pembeni, unauona? Muuzaji atakwambia vyote mvule na ni kweli. Ila hii kahawia ndo moyo wa mti, mti wenyewe umeshaijaza kemikali zake za kujilinda, fangasi wanapata shida humu. Hii nyeupe ni ile sehemu ya nje iliyokuwa inapitisha maji mti ukiwa hai, imebaki na wanga na sukari, yaani dumuzi wamewekewa chakula. Kuna kiwango cha Ulaya kinaitwa EN 350, kinapanga mbao daraja 1 mpaka 5 kwa uvumilivu wa kuoza, 1 ndo ngumu kuoza kuliko zote. Mvule huwa unakaa juu huko 1 na 2, safi. Sasa sikiliza, hiyo ni hesabu ya moyo tu, ile nyeupe ya nje ya mti wowote ule inahesabiwa daraja la 5, sawa na mti usiodumu kabisa. Kwa hiyo unalipia mvule halafu kizingiti chako, yaani ubao wa chini wa fremu, kina ukanda wa daraja la 5 umekaa upande wa mvua, na rangi ikishapakwa hakuna anayeuona tena. Hiyo ndo inanikera.

Kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa kuliko vyote leo, kichwa cha ubao, yaani pale ulipokatwa msumeno ukapita kukatiza nyuzi. Nimetia wino kwenye maji ili muone vizuri. Nadondosha tone hapa juu ya uso wa ubao, angalia, limekaa, bado limekaa. Sasa nageuza, nadondosha kwenye kichwa, huu ni msonobari, angalia... limeingia. Naweka lingine, limeingia. Tupasue sasa tuone ndani. Haya, wino umepanda na nyuzi mpaka huku, wakati ule upande mwingine umebaki doa la juujuu tu. Nyuzi za mbao ni kama mirija imefungwa pamoja, ukikata unafungua midomo yote kwa mpigo. Sasa fikiria dirisha, vichwa viko wapi? Viko kwenye kona za chini, pale ubao wa kusimama unapokutana na ubao wa chini wa shata, maji yanashuka kwenye kioo yanatulia hapohapo kwenye kiungo. Ndo maana dirisha likianza kuoza huwa linaanzia kona za chini, huku juu bado kuko kuzima kabisa. Kwa hiyo mwambie fundi wako apake rangi ya kwanza kwenye vichwa na ndani ya viungo kabla hajaunganisha, akishagonga shata imeshafunga huwezi kuingiza brashi mule.

Na ukiwa bado unakiangalia hicho kichwa, soma pete za ukuaji. Huu ubao pete zimelala, zimejikunja kama tabasamu, huu mwingine zimesimama wima. Mbao inasinyaa kufuata pete karibu mara mbili ya inavyosinyaa kukatiza pete, ndo maana zilizolala zinajikunja, shata inakwama msimu wa mvua na kiangazi inaacha upenyo. Kwa shata mi nachagua pete zilizosimama, zinapatikana kwa shida na muuzaji anajua hivyo, bei inapanda, sawa, lakini fremu inaweza kuvumilia kidogo, hela yako iwekee kwenye shata.

Unyevu nimeshauongelea sana kwenye chaneli hii kwa hiyo napita haraka: asilimia 12 mpaka 16 kwa madirisha ya nje, fangasi wanaanza kazi ikizidi 20, na ukipima kata kipande kwanza uchome sindano za mita ya unyevu katikati ya pale ulipokata, maana nje huwa pameshakauka.

Najua kuna mtu anaandika hapo chini sasa hivi, hamia aluminiamu. Ndugu yangu, aluminiamu inapitisha joto zaidi ya mara elfu moja kuliko mbao, na ikipinda unabadilisha. Dirisha la mbao likioza kona unakata ile kona, unaunga kipande kipya, maisha yanaendelea. Kuna madirisha London ya miaka ya 1700 bado yanafunguka, na mengi yalitengenezwa kwa msonobari wa Baltiki, kule kaskazini mwa Ulaya, sio mvule, sio msaji! Msonobari uliokua taratibu kwenye baridi, pete zimebanana, moyo mwingi. Kwa hiyo nikisema msonobari simaanishi takataka, huu wa siku hizi unaokuzwa haraka ndo siutaki nje bila dawa. Kuna hata Accoya, ni msonobari uliobadilishwa kwa kemikali ya jamii ya siki, unafika daraja la 1, mwepesi, hauchezi. Naona nazidi kuupenda kadiri ninavyoongea.

Msaji? Mzuri sana ila una mafuta, gundi inateleza, ufute na spiriti kabla ya kugundisha, na unamaliza makali ya randa. Mwaloni ukitia misumari ya chuma unatoka michirizi myeusi, tumia skrubu za shaba au stenlesi.

Chaguo langu sasa, maana mtaniuliza. Kizingiti na ubao wa chini wa shata, mvule moyo mtupu. Shata zilizobaki, mninga, kwa sababu unasinyaa kidogo sana. Kama unapaka rangi changanya aina za mbao bila wasiwasi, kama ni vanishi tu basi utaona tofauti ya rangi na itakubidi ununue aina moja yote.

Video ijayo ni gundi za nje, vipande vimeshaloweka kwenye ndoo pale nyuma. Kama uko kwa muuzaji wa mbao saa hizi, piga picha ya kichwa cha ubao, sio uso, nitumie kwenye koment nikusomee pete.