Chatu albino mwenye madoa meusi: nimelipia nini hasa?

Haya wapendwa, karibuni tena sebuleni kwangu hapa Dallas. Leo sichambui simu wala blenda. Namchambua huyu jamaa. Ngoja nimtoe kwenye boksi lake... taratibu... haya. Mlioshtuka poleni. Mama yangu yuko Tanga, nilipompigia video akamwona huyu shingoni kwangu alikata simu pale pale. Baada ya dakika tano akapiga tena kuniuliza kama nimekula.

Huyu siye yule chatu wetu wa kumeza mbuzi. Ni aina ndogo, Python regius, kwao ni kuanzia Senegal hadi Uganda. Akikua sana anafika kama mita moja na nusu. Akiogopa anajikunja duara, kichwa anakificha katikati, ndiyo maana huku wanamwita chatu mpira. Porini rangi yake ni kahawia na nyeusi. Ila wafugaji wa huku wamewachanganya miaka na miaka, wametoka wa kila rangi. Kila mtindo wa rangi wanauita mofu, na bei inafuata mofu.

Sasa tazameni, nasogeza kamera. Huyu ni albino: mwili mweupe, mabaka ya njano kama kiini cha yai, macho mekundu. Albino hatengenezi rangi nyeusi hata tone. Lakini angalieni hapa nyuma ya shingo, upande wa kushoto. Mnaona? Vitone vyeusi, kama mtu amekung'uta kalamu ya wino. Kimoja kimekata gamba katikati, nusu jeusi, nusu jeupe. Nimevihesabu, ni 23. Ndiyo maana nikamwita Manga, kama pilipili manga kwenye wali.

Wafugaji wanamwita paradoksi, kwa sababu kitu ambacho hakitakiwi kuwepo kipo. Nililipa dola 650. Kwenye meza ya muuzaji huyo huyo kulikuwa na albino wa kawaida, umri ule ule, dola 150. Yule muuzaji, simtaji jina, aliniambia kwa kujiamini kabisa: "Hii ni jeni, ukimzalisha watoto watatoka na madoa." Nikatoa kadi. Mnanijua.

Hapo ndipo nilipopigwa, na ndiyo sababu ya video hii.

Ualbino wa chatu hawa unafahamika vizuri. Bob Clark wa Marekani ndiye aliyewazalisha wa kwanza nyumbani, mwaka 1992. Ni jeni inayojificha: mtoto lazima apewe nakala mbovu na baba, na nyingine na mama. Akipata moja tu anaonekana wa kawaida, ila ameibeba. Ukiwakutanisha wabebaji wawili, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa albino. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Eastern Michigan walitoa utafiti wao, na nyenzo zao zilikuwa magamba! Waliomba wafugaji wawatumie magamba ambayo nyoka wamejivua, wakasoma jeni humo. Albino wa aina ya Manga amepata hitilafu kwenye jeni iitwayo TYR, inayotengeneza kimeng'enya cha kuanzisha melanini, ile rangi nyeusi. Kuna mofu nyingine, albino wa rangi ya zambarau hafifu, yeye hitilafu yake iko kwenye OCA2.

Mtanzania mwenzangu, OCA2 hiyo hiyo ndiyo inayohusika na ualbino wa ndugu zetu wengi Afrika. Jeni ile ile, kwa binadamu na kwa nyoka. Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo.

Turudi kwa Manga. Kama nakala zote mbili za TYR ni mbovu, wino umetoka wapi? Maelezo yanayotolewa ni kwamba mwili wake hauna seli za aina moja. Pengine viinitete viwili viliungana ndani ya yai moja, pengine seli moja ilibadilika mapema na kizazi chake kikatapakaa hapo shingoni. Vyovyote iwavyo, doa la shingoni halipiti kwenye mayai. Wafugaji waliojaribu kuzalisha paradoksi kwa kawaida wanapata albino wa kawaida tu. Nami nilituma kipande cha gamba la Manga maabara, jibu likaja: nakala mbili za albino, basi. Hakuna kipimo cha "jeni ya madoa" cha kuagiza. Kwa hiyo zile dola 500 za ziada nilinunua ajali nzuri.

Kuna madoa yanayorithiwa kweli, msichanganye. Rafiki yangu anaye mofu wa mabaka, mweupe pe kama kanzu ya Idi, halafu katikati kipande cha kahawia kama vile kimeshonwa. Peter Kahl alithibitisha kuwa inarithiwa mwaka 1997. Nayo inajificha kama ualbino, na jeni yake imeshapatikana, inaitwa TFEC. Kinachorithiwa ni mabaka yenyewe, siyo ukubwa wake: ndugu wa tumbo moja, huyu karibu mweupe wote, yule ana vibaka viwili tu. Ukitaka doa la kuzalisha, peleka hela yako huko.

Ila mofu anayeitwa Spider, yule mwenye mistari myembamba kama utando wa buibui, mimi sinunui hata kwa ofa. Anatikisa kichwa, anapinduka, akilenga panya anamkosa. Picha za tomografia (CT scan) za mwaka 2022 zilionyesha sikio lake la ndani limeumbika vibaya. Urembo na ugonjwa vimekuja pamoja, huwezi kuchukua kimoja.

Halafu niwaambie kituko changu. Wiki ya tatu naamka, naona Manga ana vitone vipya chini ya kidevu! Nikafurahi, nikampiga picha, nikamtumia rafiki: "Paradoksi inaongezeka!" Akanijibu: "Kuza picha." Nikakuza. Vitone vina miguu. Walikuwa utitiri wa nyoka, wanamnyonya damu. Nikaangalia bakuli la maji, wengine wameelea humo kama mbegu za mchicha. Nilitupa matandiko yote, nikamtandikia karatasi, nikampeleka kwa daktari, wiki kadhaa ndiyo tukamaliza. Kwa hiyo mkiwa dukani, mpanguseni nyoka kwa tishu nyeupe yenye maji. Doa likihamia kwenye tishu, rudisheni kadi mfukoni.

Alama zangu sasa. Manga kama mnyama, tisa kwa kumi: anakula vizuri, mpole, moja nakata kwa sababu anaweza kuishi miaka zaidi ya 20 na mimi sijui mwakani nitakuwa nyumba gani. Kipimo cha gamba, nane, kingeniokoa kama ningekifahamu kabla. Bei ya madoa, mbili, na hizo mbili ni kwa sababu kila mgeni anayekuja lazima aulize.

Oneni, ameshachoka na taa, anarudi kwenye kopo lake. Nitamfunika. Mama anapiga.