Dwarf Fortress: mchezo unaojua mvua inakotoka

Katika michezo mingi ya dunia za kubuni, jangwa liko pale kwa sababu mchoraji alilitaka pale. Dwarf Fortress, mchezo wa kompyuta wa kujenga ngome uliotengenezwa na ndugu wawili, Tarn na Zach Adams, hauna mchoraji wa ramani. Kompyuta hupanga mwinuko, mvua, joto na jinsi udongo unavyopitisha maji, kisha mito hushuka kutoka milimani ikichimba mabonde. Msitu au jangwa ni matokeo tu.

Mwinuko huishia 400: chini ya 100 ni bahari, kuanzia 300 ni mlima. Mvua hupimwa 0 hadi 100. Ikifika 66 unapata msitu, lakini udongo ukiwa na upitishaji wa maji chini ya 33, mvua ileile inazaa kinamasi. Penye joto na maji ya chumvi, kinamasi hicho kinakuwa mikoko. Mvua isipofika 10 ni jangwa, la mchanga au la makorongo, kutegemea udongo huohuo.

Uzuri wake mkubwa ni kivuli cha mvua. Mlima unakinga mawingu, upande mmoja unalowa na wa pili unakauka, kama Moshi ilivyo ya kijani na Amboseli, ng'ambo ya Kilimanjaro, ikatimka vumbi. Kabla dunia haijaundwa, mchezaji anaweza kubadili vigezo vyake; hiki cha kivuli cha mvua usikizime kamwe.

Wengi hukwama hapa: wanataka dunia ya kijani, wanapandisha kiwango cha chini cha mvua hadi 66, halafu mchezo unakataa dunia moja baada ya nyingine. Sababu ni kwamba vigezo vingine bado vinadai idadi fulani ya miraba ya ramani iwe jangwa, na kwa mvua hiyo jangwa halipatikani. Shusha idadi hiyo hadi 0, na ya mazingira mengine makavu pia.

Udhaifu uko mipakani. Jenga ngome panapokutana mazingira mawili, na unaweza kukuta barafu upande huu na nyasi hatua moja mbele, bila mpito wowote. Kwa mchezo makini kiasi hiki, hilo linaudhi.

Toleo la Steam, duka la michezo la mtandaoni, lililotoka Desemba 2022, ni dola 29.99. Lile la bure lina hesabu zilezile, ila ramani yake ni herufi na alama. Anza na dunia ya miraba 129 kwa 129 yenye historia fupi, yaani miaka michache ambayo kompyuta huiigiza kabla hujaanza kucheza. Ya 257 kwa 257 huilemea kompyuta ya kawaida.