“Picha inajieleza, dada”: uzoefu wangu wa kununua viatu bila kuona

Nyota moja. Mpaka juzi nilikuwa nimeshachagua tatu, lakini kila nikikumbuka lile jibu la huduma kwa wateja mkono unarudi nyuma.

Mimi sioni. Kompyuta naitumia kwa NVDA, kisoma skrini (programu inayonisomea kwa sauti yaliyo kwenye skrini) ambacho Michael Curran wa Australia, naye haoni, alianza kukitengeneza mwaka 2006 na mpaka leo kinapakuliwa bure. Nalisema hili la bure makusudi. Mwenye duka lolote la mtandaoni anaweza kukiweka leo kwenye kompyuta yake, akazima skrini, akasikiliza ukurasa wake mwenyewe unavyosomeka. Hawa walioniuzia viatu sidhani kama waliwahi kufanya hivyo hata siku moja. Au labda kuna mmoja wao aliyewahi, na huyo nitamfikia.

Ilikuwa mwezi uliopita, au ule wa kabla yake. Nilikuwa natafuta viatu vyeusi vya kazini, nikaingia kwenye duka lao, nikafungua ukurasa wa kiatu kimoja na kubonyeza G, herufi inayonirusha kutoka picha moja hadi nyingine. Picha ya kwanza ikasomwa hivi: “Kiatu cheusi cha ngozi kwa ubavuni, pua ya mviringo, kisigino kifupi na kipana, mkanda mmoja unaopita juu ya mguu wenye bizimu ndogo ya shaba.” Nikabonyeza tena. “Soli kwa chini: mpira mweusi wenye mifereji ya kukingama.”

Nilisimamisha sauti nikairudia mara tatu. Aliyeandika maneno hayo hakuanza na “picha ya”, kwa sababu NVDA ilishaniambia kwamba ni picha. Hakumwaga sifa za matangazo wala hakurundika neno “viatu” mara kumi ili mitambo ya kutafuta imwone. Alijiuliza tu mtu anayechagua kiatu anataka kujua nini, akaandika hicho na kunyamaza. Kiatu nilikiona. Kwa miaka mingi nimenunua vitu mtandaoni kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia, na siku ile kwa mara ya kwanza gunia lilifunguliwa mbele yangu. Hapo hapo moyoni nikasema hawa nawapa nyota tano.

G tena. “Mstari wa mapambo wa rangi ya kijivu wenye majani madogo yaliyojikunja upande wa kushoto na wa kulia.” Hapa walikosea, ila nikavumilia. Maneno haya yanayofichwa nyuma ya picha ili kisoma skrini kiyasome huitwa maandishi mbadala, na pambo lisilobeba habari huachiwa maandishi mbadala matupu, yaani alama mbili za kunukuu zisizo na kitu katikati, na kisoma skrini hulipita kimya. (Kuacha kuiweka kabisa sehemu hiyo ni jambo jingine, hapo, hasa picha ikiwa ni kiungo, unaweza kusomewa jina la faili, mkururo wa herufi na tarakimu usio na kichwa wala miguu.) Nikajiambia ni kosa la mtu mwenye bidii.

G tena. “Chati ya saizi.”

Basi. Nikashuka chini ya picha kutafuta jedwali, hakuna. Nikapanda juu, hakuna. Namba zote za vipimo, zile ambazo bila hizo huwezi kuagiza kiatu, zilikuwa zimefungiwa ndani ya picha, na mlangoni pameandikwa maneno matatu. “Chati ya saizi” ni jina la picha, si kilichomo. Anayeona anapewa vipimo, mimi napewa jina la mahali vilipo. Majani yaliyojikunja yalipata sentensi nzima! Yaani mtu alikaa, akayatazama majani yale, akayaeleza upande wa kushoto na wa kulia, halafu alipofika kwenye picha moja ninayoihitaji kuliko zote akachoka.

Najua mtaniuliza kwa nini sikutumia utambuzi wa maandishi. Nilitumia. Kwenye Windows za siku hizi, kitufe cha NVDA na herufi R kwa pamoja huamuru kompyuta ijaribu kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Nilichopata ni hiki: “37 23 5 38 24 39 24 5”, kisha zikafuata namba za inchi, zote mstari mmoja kama shanga zilizokatika uzi. Nukta zimepotea, safu zimevurugika. Mguu wangu ni sentimita 24 na nusu. Nikahesabu kwa vidole, nikabahatisha mpangilio, nikaagiza 38.

Vikaja haraka, hilo siwanyimi, na ngozi ni ngozi kweli. Bizimu iko palepale ilipoelezwa. Lakini vinabana, kidole gumba kimekunjwa kama ngumi. Kabla ya kuvirudisha nikataka kuwa na uhakika wa namba, nikafungua dirisha la mazungumzo na kuandika kwa utulivu kabisa: mimi sioni, natumia kisoma skrini, naomba mniandikie vipimo vilivyo kwenye chati ya kiatu hiki.

“Picha inajieleza, dada. Iko chini ya maelezo.”

Nikaandika tena kwamba sioni. Kimya. Kisha: “Basi mwombe mtu wa hapo nyumbani akuangalizie.” Mazungumzo yakafungwa.

Mtu huyo chati ilikuwa mbele ya macho yake. Kunakili mistari ile kungemchukua dakika moja. Na hilo “dada” lilinichoma kuliko mengine, maana alilitia kwa adabu. Hakujua kabisa kwamba ananifukuza. Nimeishi peke yangu miaka mingi, nafanya kazi, nalipa kodi ya nyumba, nalipa bili zangu mwenyewe kwa kompyuta hii hii, halafu kwa ajili ya namba ya kiatu natakiwa kutafuta macho ya kuazima. Na niliyaazima, ndicho kinachoniuma. Nilimpigia mdogo wangu, nikamtumia kiungo, akanisomea kwa simu: 37 ni sentimita 23.5, 38 ni 24, 39 ni 24.5. Ilimchukua chini ya dakika. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa kitandani na kile kiatu mkononi.

Nikawaandikia barua pepe ndefu, labda ndefu mno. Niliwakumbusha kwamba mwongozo wa kwanza wa W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, kuhusu tovuti zinazofikika na watu wenye ulemavu, wa mwaka 1999, sharti lake la kwanza kabisa lilikuwa hili la kuipa kila picha maandishi yanayofanya kazi ileile. Niliwatajia Bruce Maguire, asiyeona, ambaye alilalamikia tovuti ya Olimpiki ya Sydney, picha zisizo na maandishi mbadala zikiwa miongoni mwa malalamiko yake, na mwaka 2000 waandaaji wakaamriwa kumlipa dola 20,000 za Australia. Sikuwa natisha mtu. Nilitaka wajue kwamba ninachoomba si hisani niliyoibuni mimi jana.

Wakajibu kwamba tovuti yao imepimwa kwa programu maalumu na picha zote zimefaulu. Naamini zimefaulu! Programu ya kupima hukagua kama maneno yapo, haina namna ya kujua kama maneno hayo yanamsaidia mtu kununua kiatu. “Chati ya saizi” inapita kipimo hicho bila shida. Afadhali wasingeweka maandishi mbadala kabisa, kipimo kingepiga kelele na mtu angelazimika kuja kutazama.

Viatu walibadilisha bila ubishi, hilo niseme. 39 zimenikaa vizuri. Ndiyo maana nilipanda hadi nyota tatu, maana yule aliyeandika kuhusu pua ya mviringo na mifereji ya soli yumo humo ndani ya kampuni hiyo, na simtaki aadhibiwe kwa jibu la mwenzake. Ukinisoma, ndugu yangu, nakushukuru kwa moyo wote. Kazi yako niliielewa neno kwa neno.

Halafu juzi nikarudi kwenye ukurasa ule ule kuona kama barua yangu imefanya lolote. G, kiatu. G, soli. G, majani yaliyojikunja, bado yapo. G: “Huenda picha hii ina jedwali lenye maandishi na namba.”

Wameiachia mashine ibahatishe. Walikuwa na barua yangu, na mwishoni mwa barua ile niliwaandikia vipimo vyote, mstari kwa mstari, kama mdogo wangu alivyonisomea, na nikawaeleza kwamba njia bora ni kuviweka chini ya picha kama jedwali halisi, ili kisoma skrini kipite safu kwa safu na hata anayeona kwa shida aweze kuyakuza maandishi. Kazi yao ilikuwa kunakili tu.

Nyota nimezishusha hadi moja. Mkitafuta viatu vyenyewe ni vizuri, navivaa kila siku. Namba zangu nimewatumia tena leo asubuhi.