Copernicus Browser: kuangalia afya ya mazao kwa satelaiti bila kulipa

Kwa anayesimamia mashamba ya mahindi au mpunga na hana fedha za droni, Copernicus Browser ndiyo pa kuanzia. Ni huduma ya Umoja wa Ulaya na akaunti ni bure. Satelaiti za Sentinel-2 hurudi juu ya shamba kila siku 5 hivi, kwa pikseli za mita 10. Kwenye simu ni mateso, tumia kompyuta.

Chagua picha za daraja la L2A, si L1C, maana L2A imeshaondolewa athari za angahewa. Pakia mpaka wa shamba kwa faili la KML (faili la ramani lenye mpaka huo), kisha fungua NDVI, kipimo cha ukijani wa mimea. Hesabu yake ni (B8−B4)÷(B8+B4), B8 ikiwa bendi ya infraredi na B4 ya mwanga mwekundu: jani lenye afya hunyonya mwanga mwekundu na kurudisha infraredi kwa wingi. Udongo mtupu husoma 0.1 hadi 0.2, mahindi yaliyoshonana hufika 0.8.

Wengi hukwama kwenye kupakua. Ukipakua NDVI ya rangi ukaifungua kwenye QGIS, programu ya ramani ya kompyuta, unasoma rangi, si vipimo. Chukua B04 na B08 ghafi (ndizo B4 na B8), kwa faili la picha la TIFF ya biti 32, ukokotoe NDVI mwenyewe.

Ekari moja ni pikseli 40 tu, na za pembeni huchanganya mazao na njia. Sogeza mpaka ndani mita 10. Robo ekari ikisogezwa hivyo hubaki pikseli moja au mbili. Hiyo ikague kwa miguu.

Masika ndiyo mtihani wenyewe. Wingu jembamba hushusha NDVI utadhani mazao yanaumwa, na kivuli chake vilevile. Fungua SCL, safu inayoonyesha kila pikseli ni ya aina gani, tupa madaraja 3, 8, 9 na 10, ambayo ni vivuli vya mawingu na mawingu yenyewe. Kichujio cha asilimia ya mawingu kisikudanganye: kinapima kipande kizima cha kilomita 110 kwa 110, wala hakijui shamba lako liko upande gani.

Namba ikishuka usikimbilie urea. Mpunga uliotoka kupandikizwa husoma karibu na sifuri kwa ajili ya maji, na mahindi yakitoa mbelewele hushuka kidogo. Magugu nayo ni kijani, kwa hiyo shamba lililotelekezwa laweza kulizidi lililopaliliwa vizuri.

Mazao yakishasongamana, NDVI hushiba na haionyeshi tofauti tena. Hapo nenda sehemu ya kutunga fahirisi, buruta B8 mahali pa A na B5 mahali pa B. Hiyo ni NDRE, hesabu ileile ya NDVI ila B5, bendi ya kati ya mwekundu na infraredi, inachukua nafasi ya B4. Bendi ya B5 ina pikseli za mita 20, lakini hutambua upungufu wa naitrojeni pale NDVI inapoona kijani kitupu.